Habari za Msimu kwa Mfugaji Mpendwa

Ni mimi. Nimekana kwa muda mrefu, mezani na kanisani nikija likizo, kwenye kundi la familia la WhatsApp, na mara moja mbele ya chifu mstaafu aliyeniuliza kwa heshima zote kama namjua mtu anayetuma ujumbe ule. Nilimwambia simjui. Basi sasa nasema: zile habari za msimu zinazoingia kwenye simu za wafugaji kila asubuhi, zinazoanza na “Mfugaji mpendwa” na kuishia na kijipicha cha ng'ombe anayetabasamu, huziandika mimi. Ng'ombe si wangu, alikuja na programu. Maneno ni yangu.

Kama umewahi kuamka Kajiado, ukatoka nje, ukakuta vumbi limekaa mahali nyasi zilipokuwa, kisha simu ikalia na kukuarifu kwamba kiangazi kinaweza kupunguza malisho, basi umewahi kunisoma. Pole.

Sikukana kwa sababu habari zile zilikuwa za uongo. Afadhali zingekuwa za uongo, mtu angepata cha kubishia. Zilikuwa za kweli kabisa, kweli ambayo hata mbuzi anaijua, nami nilikuwa nalipwa kuiandika kwa Kiswahili sanifu nikiwa nimeketi chini ya kiyoyozi mjini Riyadh.

Nilifikaje huko? Nilikwenda Saudia kufundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya binafsi ya wasichana. Shule ikafungwa. Kafili wangu, mwenye shule aliyenidhamini kuingia nchini, hakutaka kunirudisha nyumbani wala hakuwa na kazi nyingine ya kunipa, kwa hiyo akaihamishia ikama yangu, kile kibali cha kuishi huko, kwa binamu yake, jinsi mtu anavyomhamishia binamu yake friji ambalo bado linafanya kazi. Binamu alikuwa anauza hereni za mifugo, zile za plastiki ya manjano zinazobanwa sikioni na kuandikwa nambari, pamoja na programu ya simu ya kuzisimamia. Soko lake jipya, alisema, lilikuwa Afrika Mashariki.

Usaili ulikuwa mfupi.

“Mkenya?”

“Ndiyo, bosi.”

“Kenya kuna ng'ombe wengi.”

“Wapo.”

“Halas, basi. Wewe mtaalamu wetu.”

Ningeweza kumweleza kwamba shahada yangu ya pili ilihusu ukimya wa wanawake katika riwaya, na kwamba marehemu baba aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine ili nisome, mpaka nikasoma kiasi cha kutojua ng'ombe. Sikumweleza. Mtu ambaye ikama yake iko mezani kwa mwingine huwa mtaalamu wa chochote anachoambiwa.

Ofisi yetu ilikuwa Al-Sulay, mtaa mmoja wa Riyadh, juu ya ghala. Chini kulikuwa na maboksi ya hereni yamepangwa hadi darini, malori yakiingia na kutoka. Juu kulikuwa na zulia, mashine ya kahawa, na skrini kubwa ukutani inayoitwa dashibodi. Ramani ya Afrika Mashariki ilikuwa imejaa vidoti vya kijani, na kila kidoti kilikuwa mnyama mwenye furaha. Nilipokuwa na shaka juu ya jambo la mifugo nilimshukia dereva wa ghala, Mkenya mwenzangu, mwanamume mpole aliyezaliwa na kukulia kwenye maghorofa ya Nairobi.

“Kondoo akikohoa, huwa ni nini?” nilimuuliza siku moja.

“Sista, mimi kondoo namjua kwa kilo,” alinijibu. “Akishafika kwa kilo hakohoi tena.”

Kwa hiyo habari za msimu tulizitunga wataalamu wawili wa namna hiyo. Kila Jumapili, siku ambayo wiki ya kazi huanza huko, bosi alinipa karatasi ya Kiingereza iliyotungwa na mtu wa masoko ambaye sikuwahi kumwona, nami niliigeuza kuwa Kiswahili. Mfugaji mpendwa, jua ni kali, wawekee mifugo kivuli. Mfugaji mpendwa, mvua zinapokaribia, jiandae kwa mvua. Mfugaji mpendwa, mnyama mwenye afya huwa na hamu ya kula. Bosi aliniita ustadha, yaani mwalimu. Alikuwa na umri wa mwanafunzi wangu wa zamani, na kila nilipomletea sentensi mpya alitikisa kichwa kwa kuridhika, ingawa hakujua hata neno moja la lugha yenyewe. Ndiye mhariri pekee niliyewahi kuelewana naye.

Nyumbani nilikuwa nimesema kwamba nafanya utafiti. Neno hilo linatosha kwa watu wetu. Ukilisema, hawakuulizi la pili. Kosa langu lilikuwa kumpelekea kaka yangu mkubwa hereni za majaribio na mshipi mmoja wa shingoni, ule wa gharama, unaohesabu hatua za mnyama na kuzituma kwenye simu. Nilisema nimepewa na rafiki. Kaka ndiye aliyebaki na boma la baba, kondoo, mbuzi na ng'ombe wachache walionusurika elimu yangu. Alizibana zile hereni kwa sababu ni za bure. Mshipi aliufunga kwenye shingo ya punda. Programu, iliyoamini kwamba punda yule ni ng'ombe wa maziwa, ilimpongeza kwa mazoezi. Kisha alipolala siku nzima kivulini ikaonya kwamba huenda ana mimba. Punda alikuwa dume.

Kaka alipiga picha onyo hilo akalituma kwenye kundi la familia, na tangu hapo habari za msimu zikawa burudani yetu ya asubuhi. Nilikuwa naziandika Al-Sulay jioni, na asubuhi nikifungua simu nazikuta zimeshachinjwa.

“Anasema tuhakikishe mifugo inapata maji,” kaka aliandika. “Mimi nilikuwa karibu niwape soda.”

“Leo anasema tuweke kivuli. Nimnunulie kila mbuzi mwavuli, ama watashirikiana?”

“Huyu mtu amewahi kuona mbuzi? Hata kwenye sinia?”

Binamu walicheka. Shangazi, ambaye hacheki, alituma kidole gumba. Mimi nilituma nyuso zinazotokwa na machozi ya kicheko, na siku moja, nikihofia kwamba kimya changu kitaonekana, niliongeza: “Huyo lazima ni mtu wa Nairobi.” Kaka aliipenda sana hiyo. Ulikuwa uhakiki wa kwanza wa maandishi yangu uliopata wasomaji zaidi ya watatu.

Kisha ikaja ile ya Idd.

Ilikuwa miezi michache kabla ya Idd ya kuchinja. Karatasi ya Jumapili ile ilikuwa na picha ya meli na mshale mwekundu unaotoka pwani yetu hadi Jeddah. Bosi alisimama mbele ya dashibodi akasema msimu mkubwa unakuja, Saudia nzima inataka kondoo dume, na mfugaji mwenye hereni zetu atakuwa wa kwanza kuonekana na wanunuzi. Nilimuuliza wanunuzi gani. Alisema soko. Nilimuuliza kama kuna mnunuzi yeyote anayeitazama hiyo programu. Alisema, “Ustadha, yalla, andika.”

Nikaandika. Mfugaji mpendwa, usiharakishe kuuza kondoo dume wako. Msimu wa Idd unakaribia na soko la Jeddah linawahitaji. Watunze, wasajili, subiri.

Kwenye kundi kaka aliandika: “Jeddah inanisubiri. Mwambieni mke wangu anipigie suti pasi.” Tukacheka. Mimi pia nilicheka, nikaendelea na mengine, na mvua zilizotakiwa kunyesha huko kwetu hazikunyesha.

Wifi yangu, mke wa kaka, hapigi simu bila sababu. Alinipigia wiki kadhaa baadaye.

“Wifi, habari ya huko kwa Waarabu?”

“Njema. Huko je?”

“Huku ni vumbi. Wifi, ongea na ndugu yako. Amekataa kuuza madume. Mchuuzi wa mnadani amekuja mara ya kwanza, amekuja ya pili, anarudi mikono mitupu. Nyasi zimeisha, sasa tunanunua marobota ya nyasi kavu, na hao madume ndio wanaokula kuliko wote.”

“Kwa nini hauzi?”

“Anasema anangoja Idd. Kuna tajiri Mombasa anapakia meli ya Jeddah, atatuma lori.”

“Nani amemwambia angoje?”

“Simu.”

“Si yeye husema hasomi huo upuzi?”

“Hasomi,” wifi alisema. “Mimi ndiye humsomea. Akishamaliza kuwachekesha nyinyi, ananiambia, soma tena pale pa mwisho, polepole.”

Madume wale ndio mali yote ambayo kaka angeweza kuuza. Majike hawauzwi, hao ndio boma lenyewe. Kama madume wangetoka mapema, chakula kidogo kilichopo kingetosha majike hadi mvua. Kama wangebaki mpaka Idd na lori lisije, wangekuwa wamekula chakula cha mama zao, na pengine wote wasingefika kwenye mvua. Na alikuwa amewabakiza kwa neno la mtu ambaye mwenyewe alikuwa amethibitisha, kwa ushahidi mwingi, kwamba hajui kitu.

Nilijituliza kwa hoja za kisomi. Idd ipo. Jeddah ipo. Meli zipo. Huenda kwa mara moja nimesema jambo la maana, kama saa iliyosimama, ambayo nayo husema kweli mara mbili kwa siku.

Msimu ulipokaribia, bosi alinituma Jeddah nikapige picha za soko la mifugo, ili wafugaji waone kwamba wanunuzi ni watu wa kweli. Nilifurahi. Jeddah nina rafiki, muuguzi kutoka Mombasa anayefanya kazi katika kliniki moja ya Al-Rawdah, huko kwenye nyumba zenye kuta ndefu na bustani zinazomwagiliwa mchana. Tulikutana Sharafiya, kwenye mkahawa wa wali na samaki ambapo mtu anaweza kukaa hata baada ya kumaliza kula, kisha tukachukua teksi hadi sokoni, pembezoni mwa mji.

Kondoo walikuwa wamejaa kwenye vizimba, wengine weupe wenye vichwa vyeusi kama wa kwetu, wengine wenye manyoya marefu kama mazulia. Nilianza kupiga picha. Niliona wazee waliovaa kanzu nyeupe wakiingia kizimbani bila kujali kinyesi. Mnunuzi alimshika kondoo taya, akatazama meno. Akatazama jicho moja, akamgeuza akatazama la pili. Akamsukuma atembee, aone kama anachechemea. Halafu akachukua masikio, moja baada ya jingine, akayapitisha kati ya vidole taratibu, kama mwanamke anayechagua kitambaa dukani.

Dume mmoja mzuri sana, mwenye mkia mnene, alikuwa na pengo kwenye ukingo wa sikio. Mnunuzi alilipapasa, akasema neno moja, akamwachia. Muuzaji hakubisha. Alimtenga pembeni, palipokuwa na wenzake wachache waliokwisha kataliwa.

“Amemkataa kwa nini?” nilimuuliza rafiki yangu.

“Huoni sikio?”

“Naona. Limekatika kidogo. Wanachinja sikio?”

Alinitazama kama anavyotazama mgonjwa aliyemeza dawa ya kupaka.

“Shoga yangu, miaka yote hii umekaa kwa Waislamu, hujui? Mnyama wa Idd hatakiwi awe na kasoro. Asiwe kipofu, asiwe kiwete, asiwe kakatwa sikio. Sikio likiwa limetoka pande kubwa hafai kabisa, na hata likipungua kidogo watu hawampendi, wako wazima tele. Kwani wewe ukenda harusini wapeleka sahani iliyomeguka?”

“Na akitobolewa tu? Akivishwa hereni?”

“Kitobo cha hereni hakina neno. Pande la sikio ndilo neno. Mbona wabadilika rangi?”

Nilibadilika rangi kwa sababu kwetu kondoo mwenye masikio mazima ni kondoo wa kuokotwa. Mwanakondoo akishapata nguvu za kufuata mama yake, hukamatwa akatiwa alama ya ukoo kwa kisu: nusu ya sikio la kushoto huondoka, na la kulia hupasuliwa pengo. Babu alifanya hivyo, baba alifanya, kaka anafanya. Mnyama akipotea, akichanganyika na kundi la jirani, akiibwa na kupelekwa mnada wa mbali, sikio ndilo linalomtaja mwenyewe. Zile hereni za manjano nilizompelekea, kaka alizibana kwenye kile kilichobakia.

Hili lilikuwa jambo moja ambalo mfugaji wa kwetu alihitaji kuambiwa kabla ya kungoja Idd, na lilihitaji sentensi moja. Nilikuwa nimeandika kuhusu kivuli, maji, hamu ya kula na hatua za punda. Sikuandika kuhusu masikio, kwa sababu mimi Mkristo wa Kajiado sikujua sheria ya Idd, na bosi Mwislamu wa Riyadh hakujua kisu cha kwetu, na tulikuwa tumekaa ofisi moja tukihariri pamoja.

Nilimpigia bosi palepale sokoni. Nilimwambia tutume habari leo, kwa wafugaji wote: kondoo waliokatwa masikio hawatachukuliwa, wauzeni minadani sasa.

“Masikio?” alisema.

“Masikio, bosi. Kwetu huwa wanayakata. Ni desturi.”

“Ustadha, sisi tunauza nini?”

“Hereni.”

“Za kuwekwa wapi?”

“Sikioni.”

“Mtu anauza kitu cha kutoboa sikio, halafu anamwandikia mteja kwamba sikio lisiguswe? Hawatasoma sentensi nzima. Watasoma sikio, watasoma hatari, halas, watang'oa zote. Habari za masikio mafi, hakuna. Piga picha za wanunuzi wakicheka.”

Huwezi kumfanya mnunuzi wa Jeddah acheke wakati anatazama meno ya kondoo, lakini hilo sikumwambia. Tulirudi Sharafiya. Rafiki yangu aliingia kwenye duka la simu kutafuta chaja, nami nikabaki kwenye veranda, mabasi yakipita, nikampigia kaka. Saa ya Jeddah na ya Kajiado ni moja. Sikuwa hata na kisingizio kwamba huenda amelala.

“Profesa! Umeamkaje huko?”

“Kaka, uza wale madume.”

“Salamu kwanza. Ulifundishwa salamu kabla ya Kiingereza.”

“Hamjambo. Uza madume. Hata kesho.”

“Madume gani?”

“Wale unaowafichia Idd.”

“Wifi yako ana mdomo,” alisema.

“Niko Jeddah. Nimetoka sokoni sasa hivi. Hawachukui kondoo aliyekatwa sikio. Nimeona kwa macho yangu wakimkataa mmoja, na pengo lake lilikuwa dogo kuliko la kwetu.”

“Wale wa simu hawakusema hivyo.”

“Wale wa simu hawajui.”

“Hawajui, na wewe unajua? Wale wana ofisi. Wana mtambo. Watu wazima hawawezi kukaa ofisini waseme subiri Idd bila kuangalia masikio.”

“Kaka, wale wa simu ni mimi.”

Basi moja lilipita likipiga honi, nikadhani hakusikia. Nikarudia.

“Wote?” aliuliza.

“Wote. Hakuna mwingine.”

“Hata yule wa kivuli?”

“Hata huyo.”

“Na ulikuwa unacheka na sisi.”

“Nilikuwa nacheka.”

“Aliyesema huyo ni mtu wa Nairobi ni nani?”

“Ni mimi.”

Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Badala yake nikasikia hatua zake, mlango wa miiba wa zizi ukiburutwa, na kondoo wakilalamika. Alikuwa ameiweka simu mfukoni mwa shati. Sauti yake ilikuja kwa mbali, anaongea nao mmoja mmoja. Huyu, hapana. Huyu, hapana. Huyu nilikata mwenyewe, tena kwa hasira. Wewe, njoo. Hapana. Alizunguka zizi lote hivyo, nami nikasimama Sharafiya namsikiliza, mtaalamu wa mifugo.

Hatimaye akaitoa simu mfukoni.

“Hakuna hata mmoja,” alisema. “Lori la Mombasa lingekuja, wangewapapasa, wangerudi tupu.”

“Ndiyo.”

“Na hapo nyasi ingekuwa imekwisha liwa.”

“Ndiyo, kaka.”

“Mama watoto!” aliita, nikasikia wifi akiitika kutoka mbali. “Mpigie yule mchuuzi. Mwambie kesho mnadani naleta madume wote. Usimwambie nina haraka. Atasikia mwenyewe.”

Kisha akarudi kwangu. “Kuna wanakondoo wa msimu huu. Bado sijawatia kisu. Niwaache na masikio yao, kwa ajili ya Idd nyingine?”

Nilifikiri juu ya lile swali kuliko nilivyowahi kufikiri juu ya karatasi yoyote ya Jumapili. Nilifikiri juu ya mwanakondoo asiye na alama katika kundi la jirani, na juu ya vidole vya yule mzee wa kanzu. Nikamwambia sijui.

“Basi nitawakata,” kaka alisema. “Mwizi wa hapa namjua. Huyo mnunuzi wako simjui.”